Mpagazi hakula bunduki

Tuanze na mzigo wenyewe. Februari 1872, David Livingstone na Henry Stanley waliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wakitokea Ujiji. Ndani ya tembe kulikuwa na shehena ya Livingstone iliyotoka Unguja. Makasha yakafunguliwa. Bunduki zilikuwa zimeliwa na mchwa. Chupa za brandi zilikuwa zimevunjwa, ionekane ni ajali, lakini vizibo vilikuwa vimesukumwa ndani na magunzi ya mahindi yamewekwa mahali pake. Yaani mtu alikunywa kwanza, akaziba kwa gunzi, halafu akavunja chupa. Livingstone aliyaandika hayo kwenye shajara yake, na shajara ikachapishwa London mwaka 1874, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Hadithi hii tamu, na wanaoisimulia huwa wanacheka. Mimi ugomvi wangu ni na kicheko hicho. Kila inaposimuliwa, mwizi anajulikana kabla kesi haijasikilizwa: ni mpagazi. Mtu aliyetoka pwani na mzigo wa karibu frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo thelathini, akatembea kiasi cha kilomita mia nane mpaka Unyanyembe, ndiye anayebaki kwenye kumbukumbu kama mlevi na mharibifu. Hebu tuisikilize kesi hii upya.

Kwanza, mchwa. Mchwa hali bunduki iliyo begani mwa mtu anayetembea. Mchwa anakula kilichowekwa chini kikasahaulika. Mzigo ule ulilala Tabora kwa sababu mwaka 1871 Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Hata Stanley aliyekuja na watu wake na silaha zake alishindwa kupita hapo, akazungukia kusini. Sasa mpagazi angefanya nini? Aliyetakiwa kuinua makasha, kuyaweka juu ya magogo na kuyakagua ni aliyepewa dhamana ya kuyatunza. Kubeba ni kazi moja na kutunza ni nyingine, na waandishi wetu wanazichanganya kila siku.

Pili, mlolongo wa mawakala. Livingstone alikuwa mteja. Aliyepokea maombi yake Unguja ni John Kirk, mwakilishi wa serikali ya Uingereza. Kirk hakufunga mizigo kwa mkono wake. Kazi ilipitia kwa Ludha Damji, tajiri wa Kihindi. Kutoka hapo mizigo ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa msafara, na chini yao watu ambao Livingstone mwenyewe alilalamika kwamba ni watumwa, wakati yeye alitaka watu huru wanaolipwa. Hesabu mwenyewe mikono hiyo. Kila mkono ulipokea kitu chake, na kadiri unavyoshuka ndivyo malipo yalivyopungua, mpaka kwa mtumwa asiyekuwa na mkataba wowote wa kuvunja. Halafu tunashangaa brandi imenywewa!

Shehena ya awali, ile ya Ujiji, iliishia pabaya zaidi. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa amechoka na mgonjwa, akakuta msimamizi aitwaye Sherif ameshauza kila kitu. Maelezo yake? Eti alipiga ramli kwa Kurani akaambiwa mwenye mzigo amekufa. Na baada ya hapo akataka kupeana mkono na mzee wa watu, akaona amevunjiwa heshima alipokataliwa. Jamani, kama kuna mtu anataka kuandika historia ya huduma kwa wateja Afrika Mashariki, sura ya kwanza hiyo hapo. Ila angalia: Sherif alikuwa msimamizi. Mpagazi hakuwa na mamlaka ya kutangaza mnada.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, malalamiko yalikuwa na madirisha mawili. Yakipanda juu yaliandikwa barua. Livingstone alimwandikia Kirk, akaiandikia serikali yake. Stanley alimshutumu Kirk hadharani, na waungwana wakajibizana magazetini na vitabuni. Hakuna aliyechapwa. Yakishuka chini, dirisha lilikuwa fimbo, mnyororo na mtutu. Stanley mwenyewe anasimulia, tena kwa kujisifu, jinsi walivyokuwa wakirudi pwani masika ya 1872 na mto umefurika. Kijana mmoja wa msafara, Rojab, akaingia majini na kasha la barua na maandishi ya Livingstone kichwani. Stanley akamwelekezea bastola na kumwambia akiliangusha atampiga risasi. Kitabuni wakachora na picha yake. Kijana akavuka, kasha halikuloa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Yule mwenye bastola akapata sifa ya kuokoa maandishi, wakati maji ya kifua yalikuwa ya mwenzie.

Najua kuna watakaonijibu: "Lakini brandi ilinywewa kweli, acha kuwatetea wezi." Ilinywewa, sibishi, na aliyekunywa aliiba. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki yenyewe ni hii hapa. Stanley alipofika pwani alichagua watu mwenyewe, akawaandikisha kwa ujira, akawatuma Tabora. Zaidi ya hamsini walifika Agosti 1872, na Livingstone aliyekuwa amesubiri Kwihara kwa miezi kadhaa akaweza kuondoka. Njia ilikuwa ileile na jua lilelile. Kilichobadilika ni aina ya makubaliano.

Na hao ndio, pamoja na Susi na Chuma waliokuwa naye miaka mingi, waliompoteza mzee wao Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkausha, wakamfunga kwenye gome la mti na turubai, wakambeba. Oktoba walifika Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa hapo, aliwashauri wamzike palepale. Wakakataa. Februari 1874 mwili ukafika Bagamoyo, na Aprili ukazikwa Westminster. Katika historia yote ya njia ile, nitajieni mzigo mgumu kuliko huo uliofika salama kuliko huo. Wengi wao walilipwa mshahara wao wakaambiwa kwaherini.

Maandishi yenyewe ya malalamiko, yale ya mchwa na magunzi, yalifika pwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. London isingejua habari ya ile brandi kama wabebaji wangekuwa wale tunaosimuliwa.

Sasa mtaniuliza haya ya 1872 yanatuhusu nini. Nendeni stendi ya Tabora jioni basi linapoingia. Mwaka jana niliagiza vitabu sita mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa Dar. Boksi lilifika limeloa, vitabu vinne kurasa zimeshikana kama chapati. Pembeni yangu bwana mmoja, mwindaji mwenye leseni yake, ameagiza darubini ya bunduki. Kioo kimepasuka katikati. Muuzaji wangu kwenye simu: "Muulize wa basi." Dirisha la mizigo: "Soma nyuma ya risiti." Nyuma ya risiti imeandikwa kwamba kikiharibika ni hasara ya mwenye mzigo. Basi foleni nzima ikamgeukia kijana anayeshusha mizigo, mwenye ndala na fulana iliyochanika, ikamporomoshea matusi. Bwana mwenye darubini ndiye aliyeongoza.

Yule kijana hakufunga boksi. Hakuliweka chini ya ndoo za samaki kule Dar. Hakupokea hela yangu. Lakini yeye ndiye pekee aliyekuwa na uso. Muuzaji ni picha ya wasifu tu, na kampuni ni muhuri. Hasira hutafuta uso, na uso ulio karibu siku zote ni wa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote.

Sisemi wateja tunyamaze. Nasema tulalamike kwa anayestahili. Aliyepokea hela ndiye mwenye deni, na akishatupiana mpira na mwenye basi, huo ni mkataba wao wawili, mimi haunihusu. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina na Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji. Kuandika barua ya malalamiko kunachosha kuliko kumtukana mshusha mizigo, nakubali. Ila barua ndiyo iliyotikisa waheshimiwa Unguja, na bastola haikurudisha hata doti moja ya nguo.

Na ninyi waandishi wenzangu mnaopenda kwenda Kwihara kupiga picha kwenye tembe la Livingstone na kurudi na makala ya vicheko, naomba kitu kimoja. Mkifika kwenye ile brandi, msiruke moja kwa moja kwa mlevi. Andikeni nani aliagiza, nani alipokea, nani alikodi, nani alilipwa kiasi gani, nani aliacha makasha sakafuni. Mkimaliza orodha hiyo mtaona mpagazi yuko wa mwisho, na bega lake lina alama ya kamba.