Sauti ya Mwalimu ni Zana ya Kufundishia

Sisi tunaofundisha Lukozi, katika baridi na ukungu wa milima ya Usambara, tumezoea kulaumu hali ya hewa kila koo linapouma na sauti kukauka. Kwa maoni yetu, mara nyingi kosa limo katika mbinu zetu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yalifurika, nasi tukaukabili wingi huo kwa kupaza sauti. Nyuzi za sauti hutikisika zaidi ya mara 100 kwa sekunde, zikilazimishwa, huvimba. Hata kunong'ona hakuzipumzishi.

Dawa ya kwanza ni kunyamaza, kunywa maji mara kwa mara, na kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa ya kudumu ni kulituliza darasa kwa makofi badala ya ukelele, na kuwapa wanafunzi kazi za vikundi. Sauti ikikwaruza kupita wiki tatu, twende hospitali bila kuchelewa, kwani huenda ni dalili ya maradhi makubwa.

Chaki ikiisha, huletwa nyingine. Sauti haina ghala. Vyuo vya ualimu na viifundishe kama zana nyingine zote.