Masomo ni Miaka 3, Mradi ni Miezi 18



Wiki iliyopita nilikuwa sokoni, mama mmoja anayeuza dagaa akaniita. Ni jirani wa zamani, tulitoka naye Kivu mwaka mmoja. Akaniuliza: "Mwanangu, ile nyumba ya kompyuta yenye mulikuwa munasomea, ilifungwaka?" Nikamwambia ndiyo mama, ilifungwa. Akanyamaza, akampimia mteja dagaa zake, halafu akanigeukia tena: "Na diplome, waliwapatia?"

Sikuwa na jibu fupi. Hili hapa ndilo jibu refu.

Ile "nyumba ya kompyuta" ilikuwa kontena la buluu, sola juu ya paa, laptopu 20 ndani, na antena ya intaneti. Shirika moja lililileta kambini kwetu, hapa kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na kozi ya diploma ya miaka 3 kupitia mtandao. Tulichaguliwa vijana 25. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, soda, tisheti na hotuba, na neno "ubunifu" lilitajwa mpaka watoto wakaanza kuliigiza. Tulifurahi kweli kweli, sitaki kudanganya. Wengine wetu tulikuwa tumemaliza sekondari miaka 4 kabla na tulikuwa tunalima tu mashamba ya watu.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia siku ile ni kwamba kozi ilikuwa ya miaka 3 lakini mradi ulikuwa wa miezi 18. Haikuwa siri. Iliandikwa kwenye karatasi fulani, ofisi fulani. Sisi tulikuja kujua mwezi wa 15, siku mwezeshaji wetu alipotuomba tumwombee apate kazi mpya.

Lakini kontena lilianza kufa kabla ya hapo. Betri zake zilikuwa zile za asidi, nzito kama za gari. Fundi sola yeyote hapa atakwambia kwamba betri ya namna ile ukiinyonya chini ya nusu kila usiku, haifiki umri wake. Sisi tuliinyonya. Mlinzi alikuwa anachaji simu za mtaa mzima usiku, shilingi 500 kila simu, kwa sababu mshahara wake ulichelewa miezi 2 na nyumbani kwake kuna watoto 6. Mimi simlaumu. Ninachosema ni kwamba kwenye bajeti kulikuwa na pesa ya kununua betri lakini hapakuwa na pesa ya kuitunza wala ya kununua nyingine. Akaunti ya intaneti nayo ilisajiliwa kwa barua pepe ya ofisa mmoja. Ofisa akahamia nchi nyingine, akaondoka na paswedi kichwani. Hakufanya kwa ubaya, alisahau tu. Tulikaa wiki 5 bila mtandao tukiwa na antena nzima na bando limelipiwa!

Mradi ulipoisha, walikuja watu wawili na gari, wakahesabu laptopu, wakafunga kufuli. Tulikuwa tumemaliza mihula 3. Matokeo yetu yako kwenye mfumo wa chuo ambacho wengi wetu hatukuwahi kuongea na mtu wake hata mmoja, na akaunti zetu zilifungwa pamoja na mradi. Mwenzetu mmoja, tulimwita Mwalimu, alikuwa wa kwanza darasani. Aliacha kazi ya kufundisha watoto wa msingi ili apate muda wa kusoma. Ile kazi mtu mwingine akaichukua. Leo Mwalimu anaendesha bodaboda ya mtu. Akiulizwa uthibitisho wa alichosoma, kitu pekee alicho nacho ni picha ya siku ya uzinduzi, iko kwenye simu yake, amevaa tisheti.

Sasa, ndugu zangu, naomba mnisikie vizuri: mimi sipingi ubunifu. Ninayeandika hapa nilijifunza kuchapa kwenye lile kontena. Na hesabu yenyewe inatulazimisha kubuni. Ripoti ya elimu ya UNHCR ya mwaka 2019 ilisema asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi duniani ndio wako vyuoni. Ile ya 2024 ilisema asilimia 7. Lengo ni asilimia 15 ifikapo 2030. Huwezi kufika huko kwa njia za zamani peke yake. Ninachopinga ni kuita kitu kipya "ubunifu" kabla hatujajua nani atakitunza mwaka wa tatu.

Angalieni kalenda. UNHCR yenyewe inahesabu kwamba watu wakikaa ukimbizini miaka 5 na zaidi, huo ni ukimbizi wa muda mrefu. Nakivale ilifunguliwa 1958, kuna watu wamezaliwa pale na sasa wana wajukuu. Lakini pesa inayotuhudumia bado inakuja kwa miezi 12, miezi 18, kama vile tulifika jana usiku na kesho tunarudi. Chakula cha dharura kinaweza kwenda kwa kalenda hiyo. Masomo ya chuo hayawezi. Ukimwandikisha mtu kozi ya miaka 3 kwa pesa ya mwaka mmoja na nusu, umempa nusu daraja juu ya mto.

Tena angalieni vilivyodumu. Ufadhili wa DAFI ulianza 1992 kwa pesa ya Ujerumani, una umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa. Hauna kontena, hauna antena. Unamlipia kijana asome kwenye chuo ambacho tayari kipo katika nchi iliyompokea. Dzaleka kule Malawi na Kakuma kule Kenya, masomo ya diploma kwa mtandao yalianza 2010 kupitia Wajesuti, na diploma ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Kazi ile leo inaitwa Jesuit Worldwide Learning na bado inaendelea. Kiziba, Rwanda, Kepler ilianza darasa 2015 na shahada zikatoka Southern New Hampshire University. Sisemi kule hakuna shida. Wanaosoma kule wanazijua kuliko mimi. Lakini kote huko nyuma ya mwanafunzi kuna chuo chenye jina, chenye kanuni, na chenye ofisi ya msajili.

Msajili! Hakuna mtu anayempiga picha msajili. Hakuna uzinduzi wa msajili. Lakini ndiye anayejua ulisoma nini mwaka 2015 hata kama mfadhili amekufa, shirika limefungwa na kambi imehamishwa. Kwa maoni yangu, kwa mkimbizi aliyepoteza karatasi zake zote njiani, kabati la msajili ni ubunifu mkubwa kuliko sola.

Kuna kitu kingine kilichodumu, na hiki kipo karibu zaidi. Mama yule wa dagaa yuko kwenye kikundi cha akiba. Kule kwetu Kongo tunaita AVEC, hapa wanasema VSLA. Mfano huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini. Mnaujua wote: sanduku la chuma lenye kufuli 3, funguo 3 kwa watu 3 tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo. Hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Mwisho wa mwaka mnagawana, mnaanza upya. Shirika linafundisha mwanzoni, halafu linaondoka, na sanduku linabaki linafanya kazi. Kufuli ikiharibika inauzwa pale sokoni. Kikundi cha mama yule kimeona mashirika mangapi yakija na kwenda, na Jumapili bado wanakaa chini ya mwembe.

Najiuliza, mbona kontena letu la chuo halikuwa na funguo 3?

Na hapa lazima tujiseme na sisi wenyewe, maana ni rahisi kulaumu magari meupe. Kikundi chetu cha vijana, tangu kianze, kimebadilisha kazi kama mtu anavyobadilisha shati. Lilipotoka tangazo la pesa za amani, tukawa kikundi cha amani. Mwaka uliofuata tangazo lilikuwa la mazingira, tukapanda miti, tukapiga picha, mbuzi wakala miti. Halafu ikaja dijitali, tukaandika dijitali. Kila andiko la mradi tuliliita la kibunifu, na chini kwenye sehemu ya uendelevu tuliandika sentensi ile ile: "jamii itaumiliki mradi." Jamii gani? Tuliandika saa 5 usiku, watu 3, jamii imelala. Mfadhili alijua hatusemi kweli, na sisi tulijua kwamba anajua.

Wakati Kyangwali, mwaka 2005, vijana wakimbizi walianza kikundi chao, COBURWAS, jina lenye herufi za Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Walianza kwa mikono yao na kwa kujitolea. Wamefika mpaka kuwa na shule ya msingi na hosteli ya wanafunzi wa sekondari. Kazi yao haikubadilika kila tangazo lilipotoka. Ilibaki elimu ya watoto wa pale pale. Hapo tuna cha kujifunza kabla hatujaenda warsha nyingine.

Najua ndugu zetu wa mashirika watajibu nini, nimeshawahi kujibiwa. Watasema mfadhili hataki kulipia mishahara na betri, anataka kitu kipya. Watasema bajeti inapitishwa mwaka kwa mwaka, hata wao hawajui kesho yao. Hiyo ni kweli, na mwaka 2025 imekuwa kweli zaidi. Januari Marekani ilisimamisha misaada, kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa, na wafanyakazi waliotuhudumia wakapokea barua za kusimamishwa kama sisi tulivyopokea kufuli. WFP hapa Uganda ikaondoa karibu watu milioni 1 kwenye chakula. Wakati wa namna hiyo mtu ataongeleaje diploma? Mimi nasema ndio wakati wenyewe. Kama pesa ni kidogo, basi afadhali wanafunzi 8 wamalize kuliko 25 waachwe katikati.

Watasema pia kwamba ukimpa kijana mkimbizi ufunguo, kesho anapata safari ya ulaya au Marekani, anaondoka nao. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Viongozi wetu wazuri wengi wameondoka. (Mwaka 2025 safari za Marekani zilisimama, na waliokuwa wameshauza godoro wakalinunua tena kwa bei ya juu.) Lakini maofisa wenu wanahama kuliko sisi. Tofauti ni kwamba sanduku la akiba lilishalijibu swali hili: ufunguo haukai kwa mtu mmoja, na kila mwenye ufunguo ana mwenzake anayejifunza.

Kwa hiyo ninayoomba ni madogo. Kabla ya kufungua kozi, chuo na shirika waweke sahihi kwamba kila aliyeandikishwa atafundishwa mpaka mwisho, na pesa ya kumalizia itengwe kabla ya pesa ya hema na tisheti. Kila muhula ukiisha, mwanafunzi apewe hati ya matokeo mkononi, kwenye karatasi, yenye mhuri. Kozi iunganishwe na chuo cha nchi hii kinachotambulika, ili shirika likiondoka kuwe na mlango wa kugonga. Na kamati ya wanafunzi ishike daftari la betri, paswedi, na bei ya kila kitu tangu siku ya kwanza. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa wala faida, kwa hiyo hakuna wa kusema hatuna haki ya kushika mali ya pamoja. Mashirika makubwa na wafadhili walikubaliana mwaka 2016 kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za misaada ipite kwa watu wa mahali penyewe. 2020 ilipita na robo haikufika. Sisi hatudai robo yote leo. Tuanze na ufunguo.

Kikundi chetu tumeshaanza upande wetu. Tumekubaliana hatutaandika mradi wowote mpya mpaka lile kontena lifunguliwe. Fundi mmoja wa hapa amelichungulia kupitia dirishani, anasema sola bado nzima, shida ni betri. Tunachanga shilingi 2,000 kila Jumamosi, sanduku lipo, funguo 3 zipo. Mwalimu ndiye anashika daftari.

Tumeandika barua mbili kuomba lile kontena. Ya kwanza ilijibiwa kwamba anayehusika yuko likizo. Ya pili tumeipeleka kwa mkono Jumatatu, tukaomba wagonge mhuri kwenye nakala yetu. Wamegonga.