Mwanamke Si Shamba: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Mfumo wa Uzazi

Katika vitabu vya baiolojia vya shule za sekondari mna sura moja ambayo walimu wengi huipitia mbio mbio, na wengine huwaagiza wanafunzi wakaisome wenyewe. Ni sura ya mfumo wa uzazi wa binadamu. Sababu yake ni haya. Haya ni jambo jema, wala sina nia ya kuibeza; lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha uchi hazai. Katika makala haya napenda kuonyesha kwamba sura hiyo inaporukwa, anayeumia zaidi si mwanafunzi akosaye alama chache katika mtihani, bali ni mwanamke katika ndoa.

Tuanze na lugha. Chembe ya uzazi ya mwanamume tumezoea kuiita mbegu. Neno hili limebeba picha ya kilimo: mwanamume ni mpanzi na mwanamke ni shamba. Kutokana na picha hiyo hukumu hutolewa kwa urahisi sana. Mbegu isipoota, shamba ndilo bovu. Tena yapo maajabu mengine. Mkulima aliyepanda mtama haulaumu udongo kwa kutompa mahindi. Lakini mke akizaa mabinti watupu, mpanzi hujitoa lawamani na shamba hushitakiwa. Wako wanawake walioachwa, au walioletewa wake wenza, kwa sababu hizo mbili tu.

Hata kwa mizani ya kilimo chenyewe, picha hiyo ina kosa. Tazama punje ya hindi. Ndani yake mna kiinitete, yaani mmea mchanga, uliotokana na muungano wa chembe mbili: moja ililetwa na chavua iliyoanguka juu ya nywele za hindi changa, na nyingine ilikuwamo tayari ndani ya ovari ya ua. Mbegu, basi, ni matokeo ya muungano huo. Kile kitokacho kwa mwanamume chalingana na chavua, wala hakilingani na mbegu. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma uchavushaji aweza kulielewa jambo hili kwa muda mfupi, iwapo mwalimu atamwunganishia sura hizo mbili.

Kosa hili halikuwa letu peke yetu. Mnamo mwaka 1677 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama manii kwa hadubini yake akaona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora mtu mdogo aliyejikunyata ndani ya kichwa cha kijidudu hicho, kana kwamba mtoto mzima hutoka kwa baba. Ilipita miaka 150 tangu ugunduzi wa Leeuwenhoek hadi Karl Ernst von Baer alipoliona yai la mamalia, katika mbwa jike, mwaka 1827. Mwaka 1876 Oscar Hertwig, akichunguza mayai ya urchini wa baharini, alionyesha kwamba kiini cha chembe ya kiume huungana na kiini cha yai. Hapo ndipo hoja ya mpanzi na shamba ilipokosa msingi.

Yafaa mwanafunzi ajue kwa hakika mchango wa kila upande. Korodani huning'inia nje ya tumbo kwa sababu utengenezaji wa chembe za kiume wahitaji joto pungufu kidogo kuliko la mwili. Kazi hiyo huanza wakati wa kubalehe na huendelea hadi uzeeni. Mtoto wa kike, kwa upande wake, huzaliwa na chembe changa za mayai zipatazo milioni 1 hadi 2 ndani ya ovari zake, na katika maisha yake ni kama 400 tu zitakazopevuka na kutolewa. Yai hukutana na chembe ya kiume ndani ya mrija wa uzazi, kabla ya kufika katika mji wa mimba. Kila upande huleta kromosomu 23. Zaidi ya hayo, karibu ute wote wa chembe ya kwanza ya mtoto hutoka katika yai la mama.

Ama kuhusu jinsia ya mtoto, mwaka 1905 Nettie Stevens wa Marekani, akichunguza mbawakawa aharibuye unga, aligundua kwamba dume hutoa chembe za aina mbili. Kwa binadamu pia ndivyo ilivyo. Kila yai huwa na kromosomu X. Chembe ya kiume huwa na X au Y. Ikifika ya Y, kwa kawaida mtoto huwa wa kiume. Lakini tusiihamishe lawama kutoka kwa mke na kumtwika mume, kwani naye hana uwezo wa kuchagua chembe itakayotangulia.

Kuhusu kukosa mtoto, ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, kasoro huwa upande wa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Wanaume wengi hukataa kupimwa kwa kuwa wanazo nguvu za kiume. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi. Mwanamume aweza kuwa na nguvu zote na manii ya kutosha, yasiwe na chembe ya uzazi hata moja. Kisonono kisichotibiwa chaweza kuziba mirija ya mwanamume sawasawa na ya mwanamke. Matubwitubwi yampatayo kijana aliyebalehe yaweza kudhuru korodani zake. Kipimo cha manii hufanywa kwa hadubini na hakina maumivu. Ni haki, basi, mume na mke waende hospitali pamoja.

Wako watakaosema kwamba mafundisho haya yatawaharibu vijana. Nawakumbusha kwamba jando na unyago vilifundisha habari za mwili kabla ya shule kuja. Tofauti ni kwamba leo kijana wa sekondari hukariri majina ya viungo kwa Kiingereza ili ajibu mtihani, kisha hurudi nyumbani asiweze kumweleza shangazi yake lolote. Namwomba mwalimu aifundishe sura hii yote, wavulana na wasichana wakiwa pamoja, na ayatamke bila kicheko maneno uume, uke, korodani, ovari na mji wa mimba. Na atakapolifikia neno mbegu, asimame hapo, achore punje ya hindi ubaoni, na aeleze kwa nini mwanamke si shamba.