Fundi wa mitambo anayepiga simu siku ya malipo ya korosho

BARAZA LA KUSINI
Na Somoe Likumbo

Mjomba wangu wa Kitangari, wilayani Newala, alikuwa ameahidi tangu palizi kwamba fedha za korosho zikiingia tu, jiko la nyuma litaezuliwa nyasi na kuwekwa bati. Nilipokwenda kuwasalimia mwezi wa kumi na mbili nikakuta nyasi zilezile. Nikamuuliza, akasema korosho zilinyauka ghalani, uzito ukashuka. Ni mkaza mjomba aliyeninong'oneza siku ya pili, tukiwa kwenye foleni ya maji: "Mjomba wako alipigiwa simu."

Nilimbembeleza mjomba mpaka akanieleza, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe.

Kijana alipiga saa mbili asubuhi. Alianza na shikamoo. Akajitambulisha kuwa ni fundi wa kitengo cha mitambo, makao makuu ya kampuni ya simu, Dar es Salaam. Laini za wakulima wa korosho zinahamishiwa mtambo mpya, alisema, na ya mzee imekwama. Isiporekebishwa kabla ya adhuhuri itafungwa, na fedha iliyomo irudi ilikotoka. Akamwomba achukue kalamu. Mjomba hakuwa na karatasi karibu, akaandika nyuma ya stakabadhi aliyopewa na chama chake cha ushirika, AMCOS, siku ya kupima mzigo.

Stakabadhi ile nimeishika mkononi. Mbele kuna kilo za korosho zake. Nyuma, kwa mwandiko wake wa kutetemeka, kuna alama za kufungulia menyu ya pesa, kisha "1", kisha namba ya simu ambayo pembeni yake ameandika "fundi", kisha "uthibitisho: 680000". Mwisho kuna maneno mawili, "siri yangu", na mbele yake hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipokaa kimya. Yule kijana hakuomba namba ya siri. Alimwambia: "Hiyo usinitajie, mzee, hiyo ni yako peke yako, iweke mwenyewe." Na mjomba, ambaye miaka yote ameambiwa asimtajie mtu namba yake ya siri, akasikia maneno yaleyale ya matangazo, moyo ukatulia. Akaiweka mwenyewe. Namba ya fundi ilikuwa namba ya kupokelea fedha. Namba ya uthibitisho ilikuwa shilingi laki sita na themanini elfu.

Kwa hiyo nawaomba wote tunaosema "wazee wetu hawaelewi" tuache. Mzee huyu alielewa onyo kama alivyopewa, na aliibiwa akiwa analitii. Onyo letu limepitwa. Tapeli wa sasa anamwongoza mtu atume fedha kwa kidole chake mwenyewe, huku akiamini anatengeneza laini.

Ulaya na Marekani mtu huyuhuyu hujiita fundi wa Microsoft. Anampigia mzee nyumbani kumwambia kompyuta yake imeingia virusi na anataka kumsaidia. Huku kwetu, Masasi na Newala, kompyuta ya mkulima ni simu ya kitochi. Ndani yake kuna benki, kuna malipo ya AMCOS, kuna ada ya mjukuu. Fundi wa uongo amefuata mali ilipo.

Alijuaje kwamba mjomba amelipwa? Watu wengi husema kuna mtu wa ndani anayeuza majina. Sina ushahidi wa hilo, na sidhani kama tapeli anauhitaji. Mnada wa korosho ni jambo la wazi. Mwaka 2024, minada ilipoingia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, taarifa zilisikika redioni na kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenye masikio, hata akiwa mkoa mwingine, anajua ni wiki gani fedha zinaingia Newala na lini zinaingia Masasi. Anapiga namba hamsini, mmoja anaitika akiwa amelipwa jana.

Tumewahi kuwa na wezi wengine. Kangomba, mlanguzi wa korosho, alikuja kijijini na kipimo chake kabla ya msimu, akanunua kwa bei ya kuumiza, lakini ulimwona uso na ulijua anakolala. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho msimu wa 2007/08, uliletwa pia kumwondoa mtu huyo. Huyu wa simu hana uso.

Ana laini, hata hivyo, na laini ina jina. Tangu Januari 20, 2020 zilipoanza kuzimwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, kila namba inayopiga ina mwenye kitambulisho. Jina lililotokea kwenye simu ya mjomba lilikuwa la mwanamke. Huenda mama huyo hajui kabisa kama ana laini hiyo. Wako mawakala wanaosema "kidole hakijasoma, weka tena", na mara ya pili wanasajili laini ya kuuza. Bonyeza *106# uone namba zilizoandikwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ikafutwe.

Kilichoniuma kuliko fedha ni siku tisa. Siku tisa mjomba alikaa na jambo hili kifuani kwa aibu, wakati saa ya kwanza ndiyo saa ya kupiga kelele: fedha ikiwa haijatolewa kwa wakala, kampuni inaweza kuizuia. Baada ya siku tisa hakukuwa na cha kuzuia.

Viongozi wa AMCOS, kabla ya mnada wa kwanza mnaitisha mkutano. Mnasoma makato, mnasoma ratiba ya maghala. Ongezeni jambo moja, na msimame kulieleza kwa Kiswahili na kwa Kimakonde: hakuna fundi anayetengeneza laini kwa kumtaka mkulima afungue menyu ya pesa. Kampuni ya simu humpigia mteja kwa namba 100 tu. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040.

Nawe msomaji uliye mjini, usingoje mkutano. Wapigie nyumbani leo jioni wakisharudi kutoka shamba, uwaeleze haya taratibu, na uwaambie kwamba likiwatokea wakupigie wewe kwanza, saa hiyohiyo, na hutawacheka.