Madini ya bati yatoka Kongo, chuma cha makopo bado chatoka ng'ambo

Machi 2025 mgodi wa Bisie, wilayani Walikale katika jimbo la Kivu Kaskazini, ulisimamisha kazi waasi wa M23 walipokaribia, na bei ya bati katika soko la metali la London ikavuka dola 35,000 kwa tani. Kazi ilianza tena Aprili. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa tani 17,324 za bati, karibu asilimia 6 ya bati lote duniani. Wasindikaji wa matunda na watengenezaji wa rangi wa Afrika Mashariki wana haki ya kuuliza kama makopo yatapanda bei.

Hapa jina huchanganya. Bati la kuezekea nyumba hupakwa zinki. Kopo la mananasi ya Thika ni chuma chembamba, kiasi cha milimita 0.2, kilichopakwa bati halisi kwa njia ya umeme ili kisiliwe na kutu wala asidi ya matunda.

Tabaka hilo ni jembamba mno. Likipakwa gramu 2.8 kwa mita ya mraba kila upande, kipimo cha kawaida, tani moja ya chuma hicho hubeba kilo 3.5 hivi za bati. Kwa hiyo bati likipanda dola 5,000 kwa tani, tani ya chuma cha makopo huongezeka kama dola 18 tu. Muuzaji anayepandisha bei sana kwa kisingizio cha vita vya Kivu adaiwe hesabu. Kinachoumiza zaidi ni bei ya chuma chenyewe, nauli ya meli na kushuka kwa shilingi.

Hesabu hiyo hiyo inadhoofisha hoja kwamba Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, italeta viwanda vya chuma cha makopo kwa kuwa ina bati. Madini ya Bisie husafirishwa kwa malori kupitia Uganda hadi pwani, kisha huyeyushwa Asia. Hata yakiyeyushwa Goma au Kigali, tani moja ya bati hutosha kupaka karibu tani 280 za chuma, na chuma hicho ndicho kinachokosekana. Kiwanda cha mabati cha Mariakani, Kenya, hupunguza unene wa koili zinazoagizwa kutoka nje, lakini chuma cha makopo hudai mitambo ya usahihi zaidi na wanunuzi wa maelfu ya tani mwaka mzima. Wanunuzi hao, kwa nchi zote za Jumuiya, bado ni wachache.