FIDIA YA MAAFA IFUATE HASARA, ISIFUATE MPAKA

Serikali kumsaidia mkulima aliyepatwa na maafa si hisani, ni wajibu. Kodi aliyoitoa siku za neema ndiyo inayomrudia siku ya dhiki. Katika hilo sisi hatuna ubishi na mtu. Ubishi wetu ni juu ya njia: nani alipwe, na kwa ushahidi gani?

Tazameni yaliyotokea Marekani, nchi isiyopungukiwa na mali wala makarani. Mwaka 2002 ukame mkali ulikausha malisho katika majimbo mengi. Septemba mwaka huo Wizara ya Kilimo ikaanzisha fidia ya mifugo: dola 18 kwa kila ng'ombe mzima wa nyama, na dola 31.50 kwa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji hakutakiwa kuthibitisha hasara yo yote. Ilitosha awe na mifugo, na wilaya yake iwe imetangazwa rasmi kuwa ya ukame.

Mlango huo ulikuwa mpana tangu mwanzo. Mwaka 2003 uling'olewa kabisa. Wafugaji waliokosa walilalamika kwa wawakilishi wao, na Bunge likaondoa sharti la ukame. Tangu hapo tangazo lo lote la maafa lilifaa. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga Columbia kilivunjika kikirudi ardhini, wakafa wote saba waliokuwamo, na vipande vyake vikaanguka mashariki ya Texas. Kwa tangazo la msiba huo wafugaji wa huko wakapata haki ya kulipwa, kana kwamba vyuma vile ndivyo vilivyokausha majani. Katika jimbo la Washington, wafugaji wa wilaya moja walilipwa kwa tetemeko la ardhi lisilowadhuru. Gazeti la Washington Post lilipochunguza mwaka 2006 lilikuta kwamba katika dola zaidi ya bilioni 1.2 zilizotolewa, zisizopungua milioni 635 zilikwenda mahali ambapo ukame ulikuwa wa wastani tu au haukuwapo.

Twasema waziwazi: hiyo ni dhulma iliyovikwa nguo ya huruma. Aliyeona ng'ombe wake wakikonda alilipwa kwa kipimo kile kile cha aliyekuwa na majani tele. Na mwenye ng'ombe wengi akazidi kupata. Wapo watakaotetea kwamba kukagua shamba kwa shamba kwachukua muda, na mwenye njaa hangoji. Ni kweli. Basi na itolewe sehemu ya kwanza upesi, na ukaguzi utangulie sehemu ya pili. Haraka si ruhusa ya kufumba macho.

Sisi watu wa visiwa jambo hili si geni kwetu. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja; Pemba kwa jumla ikasalimika. Dola ilikuwa moja, hasara mbalimbali. Lau fidia ingalitolewa kwa jina la nchi tu, mwenye mikarafuu iliyosimama angalilipwa sawa na aliyebakiwa na magogo.

Wanachama wenzetu, po pote litakapotangazwa fungu la maafa, msiridhike na hesabu ya jumla. Dai letu liwe hili: majina yabandikwe hadharani, na hasara ya kila shamba iandikwe mbele ya majirani, kwani jirani ajua mti upi ulianguka na upi ungali wachumwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini siku ya malipo hujifanya ndugu yake.