Disiki za bazee wetu zilitoka ku mushahara

Bandugu batumikaji, bamama ba kambi, na ninyi vijana: kila mara tukianza kuzungumza juu ya disiki za zamani, kuna mutu anacheka. Anasema: "Muzee, acha hiyo, nyimbo yote iko mu telefoni." Sawa, iko. Lakini mimi, mutu wa sendika, nikiona zile disiki ninaona fishi ya malipo.

Hesabu mwenyewe. Ili mutu akusanye disiki, ilifaa mushahara ufike kwa tarehe yake, na kisha kununua unga na nguo za batoto kubaki kidogo. Ilifaa pia nyumba yenye hatafukuzwa mwezi wa kuja, na umeme wa kuzungusha platini. Bazee wetu ba Lubumbashi, Likasi na Kolwezi balikuwa na hiyo. Siku ya malipo mutu alioga, akavaa vizuri, akaenda ku magazini ya disiki. Muuzishaji alitia sindano, ukasikiliza upande mumoja, akageuza, halafu njo ulitoa franga. Benye hawakuwa na kitu balisimama ku mulango, banacheza bure. Kwetu baba aliandika jina na matricule yake juu ya kila mufuko wa disiki, sawa vile aliandika ku kofia ya kazi. Jirani akiazima, ilirudi.

Na hazikuwa za Kinshasa tu. Franco na OK Jazz tulibapenda sana, ile "Mario" ya 1985 ilichezwa mpaka ikakwaruza. Lakini Jean-Bosco Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo baliimba mu Kiswahili yetu. Mwenda, Hugh Tracey alimukuta mu 1952 anapiga gitaa mu njia za Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Tracey akachukua sauti, na kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini njo ikatoa disiki. Sauti ilitoka hapa, mashine ilikuwa kule, na sisi tukanunua yenye ilirudi. Mutu wa shaba hana haja ya kufasiriwa zaidi.

Mu miaka ya 1990 mishahara ikakatika. Disiki zikaenda ku soko moja moja, zikageuka meka ya unga. Sisemi bamama balikosea. Batoto balipaswa kula. Lakini leo kuna banunuzi banaotafuta zenye zimebaki, sababu mu Ulaya disiki moja ya 45 ya Kongo, ikiwa nzuri, inaweza kulipwa makumi ya euro. Hapa mutu anakutolea bei ya sukari.

Na kijana wa leo, mwenye kontra ya miezi tatu mu sous-traitance, anakusanya nini? Ana karte ya telefoni. Telefoni ikiibiwa, nyimbo imekwisha. Kijana simulaumu, ninalaumu kontra. Mutu mwenye hajui kama mwezi wa kuja atapita tena ku mulango wa mine, atanunua kitu cha kuweka aweke wapi?

Njo maana ninaomba badelege wenzangu: siku tutakaa na bakubwa ba kazi juu ya convention collective, kisha kusema mishahara na kontra, tudai pia serkle ya batumikaji. Chumba kimoja, platini moja, mahali familia italeta disiki zake zisikilizwe na kukopiwa, halafu izirudishe nyumbani. Bamoja batasema hiyo ni michezo. Ku meza ile kampuni inaleta hesabu za vitu vidogo kuliko hivi, na hakuna anayecheka.

Kwa sasa, mama mwenye angali na karto ya disiki chini ya kitanda, usiuzishe hata moja mbele ya kuikopia. Zisimamishe kama vitabu. Zikilalishwa moja juu ya ingine mu joto ya mwezi wa kumi, zinapinda. Na mufuko wenye matricule usiutupe, hata kama umepasuka.